Shikamoo Niliyoifuta

Mie siongeagi sana. Nyumbani wanalijua hilo, shuleni walilijua, na Sista alilijua siku ile ile nilipofika ofisini kwake Temeke na cheti changu cha taipu ndani ya bahasha. Aliniuliza maswali matatu, yote matatu nikajibu kwa kichwa. Akacheka, akamwambia Katibu, "Haya, tumeletewa bubu. Kazi hii ndiyo inamtaka bubu."

Ulikuwa mwaka tuliomaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo. Wenzangu walikuwa wanashinda saluni, wengine wamepelekwa kwa ndugu Kinondoni ili wasizurure. Mie mama alinipeleka kozi ya taipu, na wiki mbili za mwisho za kozi tukaonyeshwa kompyuta. Hizo wiki mbili ndizo zilizonipatia kibarua.

Sista alikuwa muuguzi mstaafu, na muuguzi hata akistaafu ni sista tu. Yeye na wenzake walikuwa na chama kidogo cha kuwashauri kina mama: ndoa zenye ugomvi, wajane walionyang'anywa nyumba, watu wenye majonzi tu wanaotaka kusikilizwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, zamani duka la ushirika, bado ukutani mlikuwa na alama za rafu. Watu walikuja wenyewe au waliandika kwa posta. Kisha wafadhili wakaleta kompyuta, tukafungiwa laini, na Katibu akatunga tangazo likabandikwa kwenye yale maduka yaliyokuwa yameanza huduma ya barua pepe mjini. Lilisema: "Una jambo linalokusumbua? Tuandikie. Hatutakuona, hatutakujua, tutakujibu." Alijivunia sana maneno yale. Kila mgeni akija alimsomea.

Huyo Katibu alikuwa karani wa mahakama kabla ya kupunguzwa kazini, kwa hiyo kila kitu alikiona kama kesi inayokuja. Na kesi ya kwanza ilikuwa karibu iwapate kabla mie sijafika. Barua ya mama mmoja iliachwa mezani, jirani yake akaja na shida zake, akaisoma kichwa chini miguu juu, na kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua. Tangu hapo Katibu akaweka sheria ya kusafisha.

Kusafisha ndiyo ilikuwa kazi yangu. Asubuhi naunganisha simu, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, barua zinashuka, naziprinti kwenye yale makaratasi yenye matundu pembeni, kisha nazifuta kwenye kompyuta. Halafu nachapa nakala ya pili isiyo na kitu chochote cha kumtambulisha mtu. Jina natoa, mtaa natoa, kazi natoa, salamu na maneno ya pembeni natoa. "Bakiza shida, ondoa mtu," Katibu alikuwaga anasema, akipiga meza kwa kidole. Barua zenyewe nachana, zinachomwa uani kila Ijumaa jioni. Nakala safi inapewa namba, inaenda kwa Sista. Yeye kompyuta hakuigusa kabisa. Alisema alizoea kumshika mgonjwa mkono, sasa kile kidude akishike wapi. Alijibu kwa kalamu nyuma ya karatasi, mie nikachapa na kutuma.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Watu walikuwa wanasema mambo bila kuangaliwa usoni, na mie nikawa nayasikia bila kuangaliwa usoni. Kwa mtu kama mie ile ilikuwa raha. Na nitakuwa mkweli, kwa sababu nisipokuwa mkweli hapa sijui nitakuwa wapi: barua zile nilikuwa nazinakili. Nilikuwa na daftari langu la kumbukumbu za kila siku, na jioni kabla ya kuchana niliandika humo zile zilizoniumiza, neno kwa neno, na salamu zake na mtaa wake. Nilijiambia daftari langu halisomwi na mtu. Sasa hivi naona kila mtu anayetoboa siri ya mwenzake huanza kwa kujiambia hivyo.

Barua yenyewe ilikuja Jumanne, kutoka duka moja la Mikocheni. Wakati ule maduka yalikuwa na anwani moja ya wateja wote, na mteja alijichagulia neno lake, jibu likija linaprintiwa na kuwekwa pembeni mpaka mwenye neno aje aulize. Huyu neno lake lilikuwa Embe Dodo. Leo najiuliza mtu mzima gani angejiita Embe Dodo. Siku ile nilitabasamu tu, nikaona kuna mtu mcheshi huko Mikocheni.

Iliandikwa hivi: "Shikamoo. Mimi nakaa kwa mzee hapa Mikocheni. Mimi ni wa zamu ya asubuhi nikitoka ndio napita hapa dukani. Mzee ananisumbua watu wakiwa hawapo. Nikikataa anasema atanirudisha kwetu. Sitaki kurudi kwetu. Nifanye nini. Naomba mnijibu. Asante."

Nikaanza kusafisha. Shikamoo nikatoa, maana ni salamu. Zamu nikatoa, maana ni kazi. Mikocheni kuna viwanda, nikajua huyu ni mama wa kiwandani, na kiwanda na zamu vikijulikana mtu atajulikana. "Hapa Mikocheni" nikatoa. Ilipotoka, sentensi ikabaki inaning'inia: "Nakaa kwa mzee." Haikunikaa vizuri masikioni. Nikaifanya "Nakaa na mzee." Herufi mbili tu. Kiswahili nilikuwa napata alama nzuri, nikaona nimemsaidia.

Sista akapokea hii: "Nakaa na mzee. Mzee ananisumbua watu wakiwa hawapo. Nikikataa anasema atanirudisha kwetu. Sitaki kurudi kwetu. Nifanye nini?"

Akaisoma mara mbili, akatikisa kichwa. Alisema huyu ni mwanamke wa heshima, anamwita mumewe mzee kama walivyokuwa wakiwaita wao zamani, na mume anamtisha kwa talaka kila wakigombana. Wanawake wa namna hiyo alishawaona wengi, na dawa yao aliijua. Akageuza karatasi, akaandika bila kusita, na mie nikachapa:

"Ndugu yetu, pole. Usikimbilie kugombana na mzee wako. Chagua wakati ametulia, mkae wawili tu, asione umemwaibisha mbele ya watu, umweleze kwa upole kinachokuudhi. Usiondoke kurudi kwenu kwa hasira. Nyumba ni kuvumiliana."

Nikatuma. Barua ya kwanza nikainakili kwenye daftari, nikaichana. Jioni nikala vizuri.

Siku kumi baadaye, Ijumaa asubuhi, nikakuta barua nyingine ya Embe Dodo. Sista alikuwa bado hajafika. Nikakaa kusafisha kama kawaida, na vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea, vikaruka shikamoo hata kabla macho hayajasoma.

"Shikamoo. Nilikaa naye wawili tu nikamwambia kwa upole kama mlivyosema. Mzee amekasirika sana ameniuliza nani amenifundisha maneno hayo. Jumatatu tunabadilisha zamu nitakuwa wa mchana. Asubuhi nitabaki mimi na mzee tu maana yuko likizo. Mwalimu wa zamu amesema hakuna kuhama zamu. Nifanye nini."

Mwalimu wa zamu. Nilisoma hapo mara ya kwanza nikafikiri amekosea kuandika msimamizi. Mara ya pili nikaacha kuchapa. Kiwandani hakuna mwalimu wa zamu. Shule ya msingi yupo. Shule zetu watoto hawatoshi madarasani, nusu wanasoma asubuhi, nusu mchana, na mwezi ukiisha wanabadilishana. Mie mwenyewe nilisoma hivyo miaka saba, na bado neno zamu liliponijia nikaliona la kiwanda.

Kisha nikaiona ile shikamoo pale juu kwenye karatasi. Mtu mzima anayeandikia ofisi ya watu asiowajua haanzi na shikamoo. Atasema salaam, atasema kwako mshauri, au ataanza na shida yake moja kwa moja. Shikamoo ni ya mtoto, anayejua kwamba yeyote atakayemjibu ni mkubwa wake. Alikuwa ametuambia umri wake katika neno la kwanza kabisa, na mie nililifuta kwa sababu ni salamu.

Wazo langu la kwanza halikuwa juu yake. Lilikuwa juu yangu. Niliwaza nichape nakala safi, niandike "msimamizi" badala ya mwalimu, niichane hii, na Sista asijue kamwe. Nilichapa hata mstari mmoja wa nakala hiyo. Halafu nikawaza Jumatatu asubuhi. Leo Ijumaa, kesho, kesho kutwa, basi. Nikaikunja barua nikaitia kwenye droo, nikakaa nikiiangalia droo mpaka Sista alipoingia saa nne akilalamika jua.

Nikampa ile yenyewe, isiyosafishwa. Hakuwahi kupokea karatasi yenye matundu kutoka kwangu. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hii shikamoo ni yake?"

"Ndiyo."

"Na barua ya kwanza ilikuwa nayo?"

Nilisema sikumbuki. Alinitazama tu. Nikasema ilikuwa nayo. Akauliza nina uhakika gani, na barua imechomwa. Ndipo nikatoa daftari kwenye mkoba nikamfungulia ukurasa. Alisoma barua yote kama ilivyokuwa, akafika kwenye "kwa mzee", akaweka kidole hapo kwenye "kwa", akabaki hapo.

"Angeingia mlangoni hapo ningemwona kimo chake," akasema taratibu. "Nisingemuuliza hata umri."

Alifungua ukurasa mwingine wa daftari, na mwingine, akaona wale kina mama wote niliowaandika humo. Alilifunga, akalitia kwenye mkoba wake mwenyewe, akamwita Katibu.

Katibu alisikiliza amesimama. Nilidhani atanipigia kelele, lakini alikaa chini kama mtu aliyechoka. Alisema daftari ni kosa, na kosa lile peke yake linatosha kutufunga ofisi. Kisha akasema chama kimeandikishwa kushauri watu wazima, watoto hatuna ruhusa nao. Kisha kwamba tumeahidi kwa maandishi kuwa hatutamjua mtu, na leo tukienda kumtafuta tumevunja ahadi. Na kwamba tukikosea nyumba, tukamtaja mtu asiyehusika, tutashtakiwa na tutashindwa. Aliyahesabu kwa vidole, na mie kila kidole kilipoinuka niliona ana haki, ndilo lililonitisha. Hakuwa mtu mbaya. Alichosema kilikuwa kweli.

Sista akamuuliza, "Na tusipoenda?"

Katibu alivikunja vidole vyake. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba basi tusimchukue mtoto. Tukimshika mkono tukaondoka naye barabarani, mzee wake anaweza kusema tumemteka, na mahakamani ndivyo itakavyosomeka. Kama lazima twende, mtoto arudi mwenyewe kwa mtu ambaye sheria inamtambua, na mtu huyo ni mwalimu wake.

"Twende, bubu," Sista akaniambia. "Wewe ndiye uliyemsoma kama alivyojiandika."

Tulifika Mikocheni saa sita imepita. Lile duka zamani lilikuwa la vitambaa vya sare, la familia moja ya Kiarabu waliokaa hapo tangu babu zao. Vitambaa sasa vilibaki rafu moja, kwingine kote kulikuwa simu, faksi na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma zisipate vumbi. Mwenye duka watu walimwita Ami, na tulimkuta tayari anashusha mlango wa bati, kofia kichwani, aende swala ya Ijumaa. Sista alimsalimia, wakaulizana hali kwa urefu kama watu wa pwani wanavyoulizana, mie nikiangalia barabara. Mwisho akamuuliza juu ya mteja mwenye neno Embe Dodo.

Ami alimsikiliza kwa adabu. Kisha akanyoosha kidole ukutani, kwenye tangazo letu.

"Mmeandika nyie wenyewe hapo, sista. Hatutakuona, hatutakujua. Mie niwaambie nini zaidi ya hapo? Siri ya mteja ni amana."

Sista hakubishana naye. Nafikiri angemdharau Ami kama angekubali kusema. Ami akafunga kufuli, akatuaga, akaenda msikitini, na sie tukabaki kwenye baraza la duka lililofungwa.

Halafu shule ikatoka. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba nitamjua, sijui kwa nini. Walikuja kundi baada ya kundi, mashati meupe na sketi za bluu, mikoba ya kitambaa, wanasukumana, wanatupiana ganda la chungwa. Na kila waliopita mbele yetu, kwa kuwa Sista ni mtu mzima amekaa barazani, walisema shikamoo. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, wote. Sista aliitikia marahaba mpaka sauti ikamkauka. Kwenye barua ya kwanza neno hilo moja lingetosha, na sasa nilikuwa nalisikia mara hamsini na halinisaidii kitu.

Walipungua. Wakaja wa mwisho mwisho, wanaovuta miguu. Mmoja mfupi akaja peke yake, akasimama mbele ya duka, akashika kufuli akalitikisa kidogo, akachungulia kwenye upenyo wa bati. Alikuwa labda na miaka kumi na mbili. Soksi moja imeshuka. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho, mbali na sie, akamsubiri Ami.

Sista akanigusa goti. Nikajua anataka nini. Yeye akienda, bibi asiyejulikana, mtoto ataogopa. Nikasimama, mie ambaye kununua nazi tu mama huniandikia kikaratasi. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, na sikujua niseme nini ambacho hakitamwambia mpita njia jambo lake. Nikanong'ona:

"Embe Dodo?"

Uso wake ukabadilika. Hakufurahi. Alikuwa kama mtu aliyekamatwa. Akatazama nyuma yangu, akatazama barabara, akasema "Shikamoo" kwa sauti ndogo sana. Kwangu mie. Sikuwahi kuamkiwa na mtu, nikasahau hata kuitikia.

"Wewe ndiye mshauri?"

"Hapana. Mie nachapa tu. Mshauri ni yule pale."

"Yule bibi?" Akamtazama Sista kwa muda. Kisha akasema, na hakuwa ananilaumu, alikuwa anatoa taarifa kama mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani: "Mimi nilifanya kama mlivyosema."

Sista alikuwa ameshasogea, akakaa kwenye ngazi hiyo hiyo, akaiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Aliongea naye polepole juu ya mwalimu mkuu: ni mama, siyo? Anaishi wapi? Ni mkali? Mtoto akasema ni mkali lakini hapigi bila sababu. Sista akamwambia kwamba sie hatuna ruhusa ya kumpeleka popote, lakini yeye ana ruhusa ya kurudi shuleni kwake mwenyewe, na tutatembea nyuma yake. Akafikiri. Akavuta soksi juu, akasimama.

Alitangulia. Sista alitembea mikono ameishika mgongoni, vidole vimefungana, yeye aliyezoea kushika watu mikono.

Mwalimu mkuu alitusikiliza mie na Sista kwanza, halafu akatutoa nje akamsikiliza mtoto peke yake, mlango umefungwa, muda mrefu. Alipotoka hakutuambia mtoto alisema nini. Alisema tu mtoto hatarudi nyumba ile leo, atalala kwake, na yeye mwenyewe atakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, na nyumbani kwa yule mzee watapelekewa habari kwa njia ya ofisi. Kisha akauliza mtoto alitufahamu vipi. Sista akamweleza. Mwalimu mkuu akatutazama, akasema, "Kwa hiyo mtoto wangu alisema huko kabla hajasema hapa." Sikujua anamlaumu nani.

Jumamosi na Jumapili sikula. Mama alinipapasa paji la uso akasema malaria. Nilikuwa nawaza mzee amekwenda kwa mwalimu mkuu, amemdai mtoto wake, na mwalimu atafanyaje? Nilikuwa nawaza tumekosea, labda "ananisumbua" ni kumtuma maji tu. Halafu nikawaza hatujakosea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jumatatu asubuhi nilifika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Saa tano mwalimu mkuu akapiga simu: mtoto yuko kwake, afisa ustawi ameshaongea naye, mzee ameitwa, na mama mzazi ametumiwa habari Lindi aje. Sista aliweka simu chini akatuambia yote. Katibu akasema alhamdulillah, halafu katika pumzi hiyo hiyo akaanza kutufundisha.

Alisema tutaitwa. Tukiitwa, tuseme tulipata habari za mtoto, tukazipeleka panapohusika, basi. Lile jibu la kwanza tusiliguse. Halina jina la mtu, halina sahihi, limetoka kwenye kompyuta, linaweza kuwa limeandikwa na yeyote. "Hakuna hakimu atakayelifunga shingoni mwenu," akasema, "isipokuwa nyie wenyewe mjifunge."

Tuliitwa Jumatano. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na harufu ya chaki na ya kanga iliyosafiri. Mama mzazi alikuwa mwembamba, kijana kuliko nilivyotegemea, vumbi la barabara ya kusini bado liko kwenye miguu yake. Yule mzee ni kaka wa marehemu mumewe. Mama mwenyewe ndiye aliyemleta mtoto kwa mzee huyo, kwa mkono wake, ili asome Dar. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni na mkoba wake, macho yamevimba. Safari ya kurudi Lindi ilikuwa ya kesho, na yeye alikuwa hataki kwenda. Alikuwa wa tatu darasani. Mara mbili nilimsikia akimuuliza mwalimu mkuu kama hawezi kukaa kwake mpaka mtihani, na mwalimu mkuu akawa anaangalia madirisha.

Mama yake alituamkia, akamshukuru Sista kwa kumleta mtoto shuleni. Alishukuru kama watu wanavyoshukuru msibani. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na matundu pembeni. Mtoto alikuwa ameificha ndani ya jalada la daftari la hesabu.

Aliisoma kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole, kwa uzito wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Alipofika kwenye "mkae wawili tu" alisimama, akarudi nyuma, akaisoma tena.

"Nani aliyemwambia mwanangu akae naye wawili tu?"

Mwalimu mkuu akatutazama. Mie nilitazama sakafu, nikayasikia maneno ya Katibu kichwani mwangu yote, kidole kwa kidole. Halina jina. Halina sahihi.

"Mimi," Sista akasema.

Nikasema, "Na mie." Sauti ilitoka kubwa mno, mtoto akainua uso. "Mie niliondoa shikamoo yake. Ndiyo maana Sista hakujua ni mtoto."

Yule mama hakunielewa, na sikumlaumu. Alimgeukia Sista. Alionekana anatafuta hasira na hajaipata, au anayo nyingi kiasi kwamba hajui aishike wapi. Mwisho akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala.

"Mie naondoka kesho," akasema. "Kule nyumbani wataniuliza, na mzee atasema nimemsingizia. Hii karatasi haina mtu. Tieni majina yenu, waone kuna watu wazima aliowaambia."

Sista aliomba kalamu kwa mwalimu mkuu. Aliandika jina lake lote chini ya "Nyumba ni kuvumiliana", akaongeza na cheo chake cha zamani cha hospitali, akatia sahihi. Halafu akaisukuma karatasi upande wangu.

Sikuwa na sahihi. Cheti changu cha taipu nilikipokea kwa dole gumba la wino. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, polepole, la kwangu, la baba na la babu, mama wa mtoto akiwa ameinama juu ya meza anayasoma moja baada ya jingine kadiri yalivyokuwa yanatoka.